Mgonjwa Aliyesema Nyumba Imehama

Nyie mnaosoma saikolojia leo mkiwa na vitabu ndani ya simu zenu, naomba mnivumilie kidogo. Mjukuu wangu mmoja yuko mwaka wa pili wa masomo hayo, na juzi alikuja kwangu Mtoni akiwa amenuna. Akaniambia, "Bibi, mie nataka kuacha. Kila nikisoma nazidi kutoelewa." Nikacheka mpaka akakasirika. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe. Miaka thelathini na ushee nimefanya kazi na wagonjwa wa akili, na siku nilizorudi nyumbani nikijiona nimeelewa ni chache sana. Nyingi katika hizo, baadaye niligundua kwamba nilikuwa nimekosea.

Basi nikamsimulia habari za Salum Pazi. Aliposikiliza mpaka mwisho akaniambia niziandike, na wenzake wasome. Ndizo hizi.

Naitwa Zuhura. Nilianza kama nesi msaidizi katika hospitali moja ya upande wa Temeke, wodi ya akina mama. Wodi ya akili ilikuwa jengo refu la mwisho, nyuma ya jiko, na nesi akipangiwa huko alianza kuumwa mgongo siku hiyohiyo. Mie nilipelekwa kwa sababu nilichelewa kazini mara tatu mfululizo. Ilikuwa adhabu, hakuna aliyeificha.

Nesi mkuu wa pale alikuwa Mama Ngonyani, mwanamke wa Songea, mnene, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa wala mafaili. Alinipa kigoda.

"Hiki ni chako," akasema. "Mgonjwa akikaa chini, nawe unakaa hapo. Ukiongea naye umesimama, atakujibu kama anavyomjibu polisi."

Nilidhani ananitania. Nilipojaribu kuongea na mgonjwa wa kwanza nimesimama, akanyoosha mikono miwili mbele ili nimfunge.

Miaka ile nchi nzima ilikuwa inasoma. Wazee wa mtaani kwetu, watu wenye wajukuu, walikuwa wakienda jioni na daftari kujifunza kuandika majina yao. Basi likaja tangazo la kozi ya jioni ya saikolojia kwa wafanyakazi wa afya, walimu na watu wa ustawi wa jamii, Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja, Kinondoni. Miaka mitatu. Mama Ngonyani akaandika jina langu bila kuniuliza. Natoka kazini saa tisa na nusu, napanda basi mpaka Kariakoo, napanda jingine mpaka Kinondoni, nafika nimelowa jasho, nakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la tatu magoti yakigusa kidevu.

Vitabu vilikuwa vitatu, sie tulikuwa ishirini na wawili. Mkufunzi wetu, Ndugu Rwegasira, mtu wa Bukoba aliyesomea Ulaya, alikichukua kimoja akakikata kwa wembe, kila mtu akapewa sura yake, ili tusome na kubadilishana. Kwa hiyo mie nilisoma habari za kusahau kabla sijasoma habari za kukumbuka. Sura ya utoto alipewa mwalimu mmoja wa Magomeni. Akahamishiwa Lindi, akaondoka nayo. Mpaka leo, mambo ya utoto ninayoyajua ni yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Halafu ile lugha. Kulikuwa na neno moja la Kiingereza ambalo kitabu kililitumia kwa sehemu ya akili ambayo mtu mwenyewe hajui kama anayo. Sasa neno hilohilo sie wodini tuliliandika kwenye faili la mgonjwa aliyezimia. Wiki mbili nzima niliamini kwamba daktari mkubwa wa Ulaya aliyetajwa kitabuni anafundisha kuwa binadamu huoa, hugombana na kuchagua kazi akiwa amezimia. Niliuliza darasani, watu wakacheka, lakini Ndugu Rwegasira hakucheka. Alikuna kichwa, akasema, "Ndugu Zuhura, hilo neno hata mie sina Kiswahili chake." Nikaona kumbe tumepotea wote.

Mwaka wa kwanza kila mtu niliyemwona alikuwa mgonjwa. Mume wangu Hamisi alifanya kazi kiwanda cha nguo. Alikuwa akirudi anakaa kibarazani kimya, anatazama mbele tu. Nikaamua ana huzuni iliyofichika. Siku tatu namwandama kwa maswali. Siku ya tatu nikamuuliza, "Mume wangu, ulipokuwa mdogo ulikuwa unamwogopa baba yako?" Akanitazama kwa muda mrefu, akasema, "Zuhura, mie nina njaa."

Nikafundishwa pia kupima akili kwa maswali. Swali moja lilisema: umeokota funguo za mtu njiani, utafanya nini? Karatasi ya majibu ilisema jibu sahihi ni kuzipeleka polisi. Nikamuuliza mama mmoja wa Mtoni, mgonjwa wetu aliyekuwa anakaribia kuruhusiwa. Akasema, "Nitampelekea balozi wetu wa nyumba kumi." Nikamwekea mkasi, alama ya kukosa. Nikaenda swali la pili, lakini roho ikawa haitulii, maana mie mwenyewe nikiokota funguo nitampelekea balozi. Tena nikizipeleka polisi nitaulizwa nimezipata wapi na nilikuwa nafuata nini huko. Nikaufuta mkasi kwa kifutio. Halafu nikaogopa, nikaurudisha. Yule mama akaniangalia, akauliza, "Kwani nesi, vipi? Umefeli?"

Hivyo ndivyo nilivyokuwa bado, mwaka wa tatu, Salum alipoletwa.

Alikuwa fundi seremala wa Keko, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, mrefu, mikono imejaa makovu ya patasi. Waliomleta ni mafundi wenzake, wakiongozwa na Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala aliyekuwa na banda jirani na lake. Walikuwa wamemfunga kamba ya katani, na Mzee Chilumba alikuwa analia huku ameishika ile kamba. Walieleza kwamba Salum alirudi kutoka kwao, huko mbele ya Chanika, akiwa na mlango kichwani. Mlango mpya wa mninga, ameuchonga mwenyewe. Aliondoka nao Keko Ijumaa, akarudi nao Jumatatu. Tangu hapo hali, halali, anasema kuna nyundo zinampigia kelele kichwani zinamkataza kula. Fundi mmoja alipojaribu kumlisha uji kwa nguvu, Salum alimpiga ubao wa bega.

Siku zilezile Ndugu Rwegasira alitutaka kila mmoja achague mgonjwa, aongee naye wiki nane, aandike ripoti ndefu. Ndiyo ingekuwa mtihani wetu wa kumaliza. Mie nikamchagua Salum.

Nilikaa kwenye kigoda changu, yeye kwenye mkeka. Siku za mwanzo hakusema. Baada ya sindano za wiki mbili akaanza kunywa uji, na siku moja nikamuuliza kilichompata.

"Nyumba imehama," akasema.

"Nyumba ya nani?"

"Ya mama. Imehama na mama."

"Nyumba inahamaje, ndugu yangu?"

"Imeinuka, imeondoka. Yeye chini yake. Nimekuta mashimo."

"Nani kakwambia iliinuka?"

"Mtu njiani. Kaniambia kaiona inapita."

Nikaandika kila neno. Niliandika kwa furaha, sitaki kuwadanganya. Kitabuni kulikuwa na sura ya mawazo potofu, na kwa bahati sura hiyo ilikuwa mikononi mwangu wiki ile. Mifano yake yote ilikuwa ya watu wa Ulaya wanaojiona wafalme. Mie nilikuwa na nyumba inayotembea. Wiki nane nilimuuliza kwa njia tofauti, na wiki nane alinijibu vilevile: nyumba imehama, yamebaki mashimo. Nikaandika kwamba nyumba ni mama, na mashimo ni upweke wake, na kwamba mgonjwa ameshikilia wazo lisilowezekana, wala haonyeshi dalili ya kuliacha.

Ndugu Rwegasira aliisoma ripoti yangu mbele ya darasa. Alisema hajaona kazi safi kama ile tangu aanze kufundisha. Nilirudi Mtoni nikiwa nimesimama ndani ya basi wala sihisi miguu.

Daktari wetu wa wodi naye aliiomba. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye wagonjwa wengi kuliko vitanda. Aliisoma, akasaini, akaamua kwamba mtu mwenye wazo lililokomaa kiasi kile hawezi kukaa wodi ndogo kama yetu. Apelekwe hospitali kubwa ya bara, kwa gari moshi, Jumatano inayofuata. Nyie hamkuijua hofu ya jambo hilo. Waliopelekwa kule miaka ile, wengi wao hatukuwaona tena. Walikuwa hawajafa, ila ndugu zao walishindwa kuwafuata, mwisho wakawasahau.

Ijumaa, wakati wa chai, Mama Ngonyani aliikuta nakala ya ripoti juu ya meza yangu. Akaisoma yote huku akipuliza chai. Alipomaliza hakuisifu.

"Zuhura, umefika kwao huyu?"

"Hapana, mama. Kitabu hakisemi tufike kwa mgonjwa."

"Aliyeandika kitabu alikuwa anaishi mtaa mmoja na wagonjwa wake," akasema. "Wewe huishi naye. Unajua huko Chanika watu wamekaaje sasa hivi?"

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, maana ndipo penye aibu yangu. Mie nilikuwa najua habari za vijiji vya ujamaa, watu kutolewa mashambani mwao na kukusanywa barabarani. Nani alikuwa hajui? Redio ilisema kila siku watu wanahamia vijijini kwa ngoma na vifijo. Mie mwenyewe kwenye mkutano wa tawi la chama nilikuwa mstari wa mbele kuimba. Na Salum alikuwa ananiambia wiki nane kwamba nyumba imehama. Haya mambo mawili yalikuwa ndani ya kichwa changu kimoja, wala hayakukutana hata siku moja. Mpaka leo sielewi yaliwezaje.

Jumapili asubuhi nikaenda na Mzee Chilumba. Basi lilituacha Chanika, tukatembea. Yeye alikuwa amewahi kufika kwa kina Salum kwenye harusi, akawa anakumbuka njia. Tukapita mashamba ya mihogo, tukapita msikiti mdogo wa udongo usio na mtu, mlango wazi. Halafu Mzee Chilumba akasimama.

"Ni hapa," akasema. Kisha akasema, "Lakini dada, hapa palikuwa na nyumba sita."

Palikuwa na mbaazi, mafiga matatu meusi, na mashimo. Mashimo ya nguzo, yamejipanga vizuri, pembe nne, na mawili karibukaribu palipokuwa mlango. Nikachuchumaa nikatia mkono ndani ya moja. Lilikuwa na kina mpaka kiwiko. Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa na kosa mbele za watu.

Tulimkuta mwanamume mmoja anachimba mihogo yake ya zamani. Akatuonyesha njia ya kijiji kipya, mwendo wa kama saa mbili, kando ya barabara. Kule nyumba zilikuwa mistari iliyonyooka, nyingine hazijakandikwa. Mama yake Salum, Bi Mwanahawa, tulimkuta anapepeta unga wa njano wa msaada. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, macho makali. Mlangoni pake palining'inia mkeka.

"Shikamoo mama," nikasema. "Tumetoka kwa Salum."

Ungo ukamponyoka. "Marahaba. Yu hai?"

"Yu hai. Anaumwa. Yuko kwetu hospitali."

Akakaa chini palepale juu ya unga. Alipotulia nikamuuliza, kwa upole niwezao, waliondokaje kule. Akasema walikuja mgambo na vijana wa kubeba mizigo, wenyeji wakaambiwa leo ndiyo siku. Kwake hawakubomoa paa, lilikuwa jipya.

"Walikata kamba, wakang'oa nguzo, vijana wanane wakalibeba paa zima vichwani. Jua lilikuwa kali, mwanangu, na mie mguu wangu mmoja mbovu. Kijana mmoja akaniambia, bibi pita chini huku kwenye kivuli. Basi nikatembea chini yake mpaka hapa. Watu njiani wakawa wanacheka, wanasema tazameni nyumba ya Mwanahawa inahama na mwenyewe ndani."

Mzee Chilumba akageuka akatazama upande mwingine. Mie nilikuwa na ripoti ndani ya mkoba, kurasa kumi na nne, nimekuja nayo nikidhani nitaongezea maelezo ya familia. Niliubana mkoba kwapani kama una kitu kinachonuka.

"Waliniambia mwanao ataarifiwa," Bi Mwanahawa akasema. "Nikamwachia maneno jirani. Jirani naye wakamhamisha."

Sasa hapo nikadhani nimeelewa kila kitu. Nikajisemea, kumbe huyu mtu ni mzima, amesema kweli tupu, sie ndio tumemfanya mgonjwa. Nilikuwa tayari kurudi mbio nikamfungulie mlango wa wodi. Ndipo Bi Mwanahawa akauliza, "Na zile nyundo, zimemrudia?"

"Nyundo gani, mama?"

"Alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane zilimshika miezi mitatu. Zikimwambia asile. Tulimzungusha kwa waganga mpaka zikaacha zenyewe."

Basi nikabaki nimesimama. Alikuwa mgonjwa, tena tangu zamani, na alikuwa anasema kweli. Sikuwa na sura yoyote ya kitabu kilichokatwa iliyoniambia nifanye nini na mtu wa namna hiyo.

Kumtoa Bi Mwanahawa kijijini kulihitaji barua ya mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, na alinisikiliza kwa adabu, lakini macho yake hayakutulia.

"Ndugu nesi, kuna mtu anasema kuhama huku kumemtia mtu wazimu?"

Swali lile lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. "Hapana, ndugu mwenyekiti," nikasema. "Anaumwa tu. Mgonjwa anamhitaji mama yake."

Akaandika barua ya siku nne. Wakati anaandika akasema chini kwa chini, bila kuinua uso, "Nyumba ya bibi yangu nayo iko mstari wa tatu." Sikujua kama ananiambia mie.

Bi Mwanahawa alilala kwangu Mtoni, na Jumatatu asubuhi nikaingia kwa daktari kabla ya mzunguko wa wodi.

"Daktari, ile ripoti yangu nimekosea."

"Umekosea wapi?"

"Nyumba ya mama yake kweli ilihama. Nimeona mashimo kwa macho yangu."

Akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo Salum si mgonjwa?"

"Ni mgonjwa, daktari."

"Anasikia nyundo?"

"Anasikia."

"Anakataa chakula?"

"Siku nyingine anakataa."

"Basi nesi, kama ni mgonjwa, umekosea nini?"

Nilijua nimekosea kosa kubwa, lakini sikuweza kuliweka mezani pake akaliona. Nikasema tu, "Naomba umwone na mama yake kabla hujampeleka." Mama Ngonyani alikuwa amesimama mlangoni. Akaongeza kwa ile sauti yake ndogo, "Dakika kumi, daktari. Gari moshi haliondoki leo."

Tulimkuta Salum amekaa kwenye mkeka, uso ukutani. Bi Mwanahawa aliingia, akakataa kiti, akakaa chini karibu naye. Salum akageuka. Hakulia, hakumkumbatia. Alimtazama kama fundi anavyotazama ubao kabla ya kuukata.

"Nyumba iko wapi?" akauliza.

"Iko barabarani, mwanangu. Ya nne kutoka ofisi ya kijiji."

"Imesimama?"

"Imesimama. Upande mmoja umelala kidogo."

"Mlango umetazama wapi?"

"Machweo."

Salum akakunja uso. "Wameuweka vibaya. Jua la jioni lote litaingia ndani."

"Linaingia," mama yake akasema. "Nimetundika mkeka."

Kisha akasema mlango uko Keko, kwa Mzee Chilumba, aulinde usipigwe na mvua. Mama yake akatoa kiporo cha mihogo alichokifunga kwenye kanga, akakimega, akala yeye kwanza, kisha akampa. Salum akala. Katikati akasimama kutafuna, akainamisha kichwa kama anasikiliza kitu, akamwambia mama yake, "Zinapiga." Mama yake akasema, "Acha zipige, wewe kula." Akaendelea kula.

Daktari alisimama pale zaidi ya dakika kumi. Alipotoka alikuwa na faili mkononi. Alifuta Jumatano akaandika tutazame mwezi mmoja. Mchana alinituma nimletee ripoti yangu, akaifunga ndani ya droo.

Salum alikaa nasi miezi mitatu mingine. Alirudi Keko, akaenda kijijini akauweka ule mlango na kuugeuzia upande wa mawio. Lakini alirudi wodini mara mbili baada ya hapo, mara moja kwa sababu aliacha sindano akijiona amepona, na mara nyingine bila sababu tuliyoijua. Nawaambia hili ili msije mkadhani mama alikuwa dawa. Mama alikuwa mama. Sindano ilikuwa sindano. Vyote viwili vilihitajika, na kipi kilifanya nini sijui.

Ile ripoti niliiandika upya, kurasa nne. Nilieleza nilichosikia, nilichoandika kwanza, nilichokwenda kuona, na nilichoambiwa na mama. Mwishoni palipotakiwa hitimisho niliandika kwamba mgonjwa anaumwa na anasema kweli, nami sijui namna ya kuyaunganisha. Ndugu Rwegasira aliniita baada ya kipindi, wenzangu wote wameshatoka.

"Ya kwanza ilikuwa bora," akasema.

"Ya kwanza haikuwa kweli, ndugu mkufunzi."

"Najua." Akazifunga karatasi, akazifungua tena. "Nikiipitisha hii, wakubwa wataisoma. Wataniuliza kwa nini wanafunzi wangu wanatembelea vijiji kutafuta wagonjwa. Na nikikwambia uifiche, nitakuwa nimekufundisha nini?" Akaziweka karatasi mezani. "Kwetu pia wamehamishwa. Mama ameniandikia. Mie sijaenda kuona."

Nilingoja aseme zaidi. Aliandika kwamba sikufikia hitimisho, nikafelishwa. Ndiyo sababu nilimaliza kwa miaka mitano badala ya mitatu. Nilimkasirikia mwaka mzima. Kisha nikasikia amechukua likizo amekwenda Bukoba, na hasira ikaniishia bila mie kujua imekwenda wapi.

Mkinitaka niwape ufundi, ninao mchache. Usimuulize mtu kama anasikia sauti, atakujibu anakusikia wewe. Muulize usiku wake huwaje. Muulize kwao hali hiyo wanaiitaje. Akikwambia jambo ambalo haliwezekani, liandike kwa maneno yake mwenyewe, usilitafsiri siku hiyo. Na nenda kwao, ukiweza. Wakati mwingine utakuta hakuna kitu, mtu kweli anaumwa na wazo lake ni la ugonjwa mtupu. Nimekwenda mara nyingi nikakuta hivyo. Utarudi umechoka, lakini utakuwa umekwenda.

Miaka ikapita. Wale watu wa vijiji wengine walirudi mashamba yao ya zamani kimyakimya, wengine wakabaki barabarani maana walishazoea. Bi Mwanahawa alibaki. Siku moja Salum alikuja kliniki kwa sindano yake, mvi zimeshamwingia, akakaa kwenye benchi mpaka watu wote wakaisha.

"Nesi, mama ameanza kusahau," akasema. "Anasema pale anapolala si kwake. Kila asubuhi anachukua ufagio anataka kwenda kufagia kwake, kule kwenye mashimo. Nimwambie imehama, au nisimwambie?"

Nilikuwa na cheti wakati ule. Kilikuwa kimetundikwa ukutani nyuma yangu.

"Ukimwambia inakuwaje?"

"Analia. Kama anaambiwa leo. Kesho namwambia tena, analia tena."

"Na usipomwambia?"

"Anatoka. Juzi nimemkuta yuko peke yake njiani."

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Akatikisa kichwa, wala hakushangaa. Akasema, "Basi Jumamosi nitampeleka. Kama una nafasi, twende wote."

Tukaenda asubuhi, sie watatu, Bi Mwanahawa katikati na ufagio wake. Aliijua njia kuliko sie. Mbaazi zilikuwa zimekuwa pori, mafiga yalishachukuliwa, mashimo yalishajaa udongo, ila yeye aliingia palepale palipokuwa mlango, akainama kidogo kama mtu anayepita chini ya paa. Akafagia. Alianza pembeni akaja katikati, akasukuma majani nje pale ambapo nje ilikuwa zamani. Salum alisimama karibu naye, asimzuie, asimsaidie. Ilichukua muda mrefu. Alipomaliza akanyoosha mgongo, akaomba maji, akanywa.

"Haya," akasema. "Twendeni nyumbani."

Salum akanitazama, nami nikamtazama. Hatukujua anasema nyumbani wapi, na hakuna kati yetu aliyetaka kuuliza. Tukamwacha atangulie, tukamfuata.